Washington wamesaini. Siku ya baadaye je?

Ijumaa tarehe 27 mwezi wa 6, mawaziri wawili wa mambo ya nje, Thérèse Kayikwamba Wagner wa kwetu na Olivier Nduhungirehe wa Rwanda, wamesaini makubaliano ya amani kule Washington, Marco Rubio akiwa hapo pembeni. Jumatatu tarehe 30, nchi imetimiza miaka 65 ya uhuru. Katikati ya hayo mambo mawili ni siku tatu tu. Tangu hapo simu za Kadutu zimejaa picha ileile: meza, kalamu, bendera, tabasamu. Kuna wenye waliituma pamoja na kabendera na moyo mwekundu. Kuna wenye waliituma na neno moja tu: "Tena?"

Mimi niko upande wa "Tena?". Amani naitaka sana. Mu Kadutu mwenye hataki amani ni nani, mutuonyeshe nyumba yake. Lakini mimi nilizaliwa RCD ikiwa hapa, na tangu utoto nimesikia majina ya makubaliano vile watoto wa fasi ingine banasikiaka majina ya timu za mpira: Pretoria, Sun City, Nairobi, Addis-Abeba, halafu Luanda, sasa Doha na Washington. Na tusisahau: kundi lenye linatawala mji wetu tangu tarehe 16 mwezi wa 2 mwaka huu linabeba mu jina lake tarehe ya makubaliano ya amani, 23 Machi 2009. Karatasi ya amani ndiyo ilizaa jina la vita. Kwa hiyo mutusamehe kama hatukupiga vigelegele haraka.

Nimeyasoma hayo makubaliano mimi mwenyewe, sikungoja redio inielezee. Kurasa ni chache, mtu anazimaliza akiwa ku foleni ya maji. Yanasema FDLR ipokonywe nguvu. Yanasema Rwanda itaondoa kile wanachoita "hatua za kujilinda". Mimi sijawahi kuona hatua ya kujilinda yenye inatembea kilomita na kilomita ndani ya nchi ya jirani ikibeba bunduki, lakini njo vile wameandika. Chombo cha pamoja cha usalama kianze ndani ya siku 30, na kazi ya FDLR na hizo "hatua" ihesabiwe ndani ya siku 90. M23 haikusaini kitu; mazungumzo yake na Kinshasa yako Doha. Maana yake wale wenye wanatoza taksi ku soko letu hawakuwa mezani, na sisi wenye tunailipa hatukuwa mezani pia.

Daktari Mukwege, mtu wa mji huu, amesema kwamba kunyamazia uvamizi wa Rwanda mu hiyo karatasi ni kumpa mchokozi zawadi na kuhalalisha uporaji wa mali yetu. Kuna watu Kinshasa wenye walimjibu kwamba yeye ni mwanasiasa mwenye uchungu wa uchaguzi. Mutu amewashona wamama wa Kivu miaka zaidi ya ishirini, halafu munamwambia ana uchungu wa uchaguzi! Tuendelee.

Mimi nilisoma uchumi. Lisansi ninayo, kazi sina, na sitawachosha na hiyo hadithi kwa sababu wengi wenu munaijua kuliko mimi. Lakini kusoma uchumi kuliniachia tabia moja: nikipewa karatasi ya siasa, naruka kwanza mpaka fasi yenye inazungumzia feza. Na fasi hiyo iko. Inasema nchi hizi mbili zitaanzisha, ndani ya miezi mitatu, mpango wa ushirikiano wa uchumi wa eneo. Biashara ya madini imo, wawekezaji wa Marekani wamo. Rais Trump naye amesema waziwazi kwamba nchi yake inapata haki nyingi ku madini ya Kongo. Angalau yeye hafichi.

Hapo ndipo nataka tusimame. Na chenye kilinisimamisha mimi si mtaalamu yeyote wa televisheni, ni albamu ya muziki.

Wiki hii yote nimesikiliza albamu moja tu, juu mega ni bei na hiyo nilikuwa nayo tayari mu simu. Inaitwa Kinshasa Succursale, ya Baloji, ilitoka 2011. Kwa wadogo wenye hawamjui: alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978, akapelekwa Ubelgiji akiwa bado kitoto, akakua huko, akaimba rap na kundi la Starflam. Baadaye akageukia sinema pia; filamu yake Augure ilipata zawadi ku tamasha la Cannes mwaka 2023. Jina lake ni la kuchekesha kidogo kwetu. Sisi hapa tukisema "balozi" tunamaanisha wachawi. Mtu wa Dar es Salaam akisema "balozi" anamaanisha mkubwa mwenye anawakilisha nchi yake ku nchi ya wengine. Mara nyingine, mukiangalia hizi habari za kusaini, munaona labda hizi Kiswahili mbili hazipishani sana.

Albamu yenyewe alikwenda kuirekodi Kinshasa, na wapigaji wa Kinshasa, kwa siku chache. Unasikia kweli kwamba haikupikwa polepole ndani ya studio ya Wazungu. Kuna wimbo mmoja na Konono Nº1, wale wazee wenye walipigisha likembe na vipaza sauti vya kujitengenezea, na sumaku zilizotolewa mu vyuma vya gari nzee. Mukipita kwa mafundi wa Kadutu, kule wanageuza mapipa kuwa masufuria, mutaelewa mara moja huo muziki ni wa ukoo gani. Wimbo unaitwa Karibu ya Bintou. Mimi, na sikio langu la Bukavu, siku zote nimeusikia "karibu ya bintu", hata kama siyo vile mwenyewe aliwaza. Na sisi kweli tuko karibu ya bintu. Tuko karibu ya koltani, karibu ya zahabu, karibu ya kasiterite, karibu ya ziwa lenye gesi ndani yake (Wanyarwanda wanaitoa na kufanya nayo umeme tangu 2016), karibu kabisa ya barrage ya Ruzizi, na usiku tunawasha tochi ya simu. Karibu, lakini hatujawahi kuambiwa karibu.

Lakini wimbo wenye nauzungumzia ni mwingine. Baloji alichukua Indépendance Cha Cha ya Grand Kallé, akaifanya upya, akaipa jina la Kifaransa na la Kiswahili pamoja: Le jour d'après, Siku ya baadaye. Munaona wazo lake? Wimbo wa kwanza ni wa siku yenyewe ya furaha. Yeye anauliza juu ya asubuhi yake, wakati viti vinakusanywa na mtu anauliza nani atalipa bia.

Turudi nyuma kidogo. Indépendance Cha Cha ilizaliwa Bruxelles mwaka 1960, wakati wa Meza ya Duara, kuanzia tarehe 20 mwezi wa 1 mpaka tarehe 20 mwezi wa 2. Wanasiasa wa Kongo walikwenda kudai uhuru, na Kabasele na African Jazz yake walikuwa huko, wakiwachezesha. Tarehe 30 Juni ilipokubaliwa, wimbo ukatoka, unataja wanasiasa na vyama kwa majina, na Afrika nzima ikaucheza. Hiyo sehemu kila mtoto wa Kongo anaijua. Tunaiimba ku masomo.

Sehemu yenye hatuimbi ni meza ya pili. Kulikuwa na Meza ya Duara ingine, ya uchumi, Bruxelles hukohuko, kuanzia tarehe 26 mwezi wa 4 mpaka tarehe 16 mwezi wa 5. Huko ndiko walikuwa wazungumzie kampuni, migodi, madeni, feza ya Leta. Na wakubwa wetu wengi hawakwenda. Walikuwa wamerudi nyumbani, uchaguzi wa mwezi wa 5 umefika, kila mtu anatafuta sauti. Waliwatuma vijana, wengi wao wanafunzi, wakae mbele ya wataalamu wa Ubelgiji wenye walikuwa wamezeeka ndani ya hayo mafaili. Mmoja wa hao vijana aliitwa Joseph-Désiré Mobutu, mwandishi wa habari, bado hajafika miaka 30.

Sina nia ya kuwacheka. Wakati huo Wakongo wenye diplome ya iniversite hawakufika hata 30 ndani ya nchi nzima. Ungemtuma nani? Lakini matokeo yalikuwa matokeo. Mwezi wa 6 mwaka 1960, sheria ya Ubelgiji ikaruhusu kampuni zenye zilikuwa za Kongo zihamishie makao yao Ubelgiji. Siku chache kabla ya uhuru wakaivunja Comité Spécial du Katanga, yenye kupitia kwake Leta mpya ya Kongo ingekuwa na nguvu kubwa ndani ya Union Minière. Madeni ya koloni, hayo hayakuhama. Tarehe 30 Juni watu wakacheza. Tarehe 11 Julai Katanga ikajitenga, na Union Minière ikailipa Katanga ushuru wenye ulikuwa wa Leta. Siku 11! Njo hiyo siku ya baadaye.

Kwa hiyo mukiniuliza juu ya Washington, mimi sitazami sana picha ya Ijumaa. Naona meza ya kwanza ilishafanyika, na kamera, na kalamu nzuri. Meza ya pili, ya madini, imepewa miezi mitatu, na hiyo haitakuwa na kamera. Nani atakaa hapo kwa jina la Kivu? Sijasikia jina hata moja. Mwaka 1960 tulikosa wenye kusoma. Mwaka 2025, ku avenyi yetu peke yake nahesabu lisansi saba: mmoja anaendesha moto, mmoja anauza mega, mmoja anabeba mchanga, mmoja amevuka kwenda Burundi, na watatu tunakaa ku mlango tukihesabu wengine. Jiolojia iko. Sheria iko. Uchumi huyu hapa anawaandikia. Safari hii watu wako, viti ndivyo wametunyima.

Na musifikiri nasema haya juu ya chuki ya Amerika. Tazameni tu mambo yenye yamepita mwaka huu. Mwezi wa 3, M23 ilipokaribia, mgodi wa Bisie kule Walikale, wenye bati ya kampuni ya Alphamin, ulisimamisha kazi na kutoa wafanyakazi. M23 ikaingia Walikale. Mwanzoni mwa mwezi wa 4 ikatoka. Siku chache baadaye mgodi ukatangaza unaanza tena. Mimi siwezi kuwaambia nani alimpigia nani simu. Nasema tu kwamba Walikale waliingia na kutoka ndani ya wiki mbili, na Bukavu tunaingia mwezi wa tano. Sisi Kadutu hatuna bati chini ya nyumba zetu. Tuko na udongo wenye unateremka na nyumba kila mvua.

Kwa upande mwingine, Rubaya. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwaka jana kwamba ushuru wa koltani ya Rubaya peke yake unaiingizia M23 karibu dola 800,000 kila mwezi. Na mwezi wa 5 uliopita, mgodi wa zahabu wa Twangiza, kule Luhwindja, nao ukaingia mikononi mwao. Sasa mtu anieleze polepole, kama mtoto: mwenye anakula vile, ataachilia kwa karatasi yenye hakusaini? Na kama ataachilia, ataachilia juu ameahidiwa nini mahali pengine? Hayo ndiyo maswali ya meza ya pili.

Ku soko la Kadutu, Jumamosi, mama mmoja mwenye anauzaka sambaza aliona natazama simu, akanivuta shati.

"Weye mwenye ulisoma. Ile makaratasi ya Washington itafungua banki?"

"Mama, ile haikuandikwa mule."

"Sasa banaandika nini?"

Nilijaribu kumweleza. FDLR, siku 90, mpango wa eneo. Alisikiliza kwa heshima, vile mama wanasikilizaka mtoto mwenye amerudi na bulletin mbaya. Feza yake ya kuchuruza iko ndani ya banki tangu mwezi wa 2, banki zilipofungwa mji ulipoanguka. Mtoto wake wa Kinshasa akimtumia kitu kwa simu, mwenye kumtolea anakata sehemu yake, na noti zenye anapewa zimechanika mpaka muuzaji wa unga anazikataa. Uwanja wa ndege wa Kavumu umefungwa. Akaniambia: "Basi badirudie kule, baandike tena." Warudi kule, waandike tena. Mimi sijasikia komanteri bora kuliko hiyo wiki nzima, na nimesikia nyingi.

Mambo mengine ya wiki, harakaharaka. Kule Kenya, tarehe 25 vijana walirudi barabarani kukumbuka wenzao wenye waliuawa mwaka jana tarehe hiyohiyo, walipoingia Bunge juu ya sheria ya kodi. Wameuawa tena watu wasiopungua 16. Hawa ni vijana wenye umri wetu, wenye diplome zao na shomaje yao sawa na sisi. Kuna wenye wanasema hapa kwetu "Wakenya wako na ujasiri, sisi hatuna". Hapana. Kila mji na bunduki yake, na kila mji unajua namna yake ya kutembea mbele ya hiyo bunduki. Kuna wenzetu wenye wamelala chini ya ardhi ya Kivu juu ya kusema kidogo kuliko haya. Jina langu mimi sitaweka hapa chini, munaelewa juu ya nini. Heshima kwa Nairobi, lakini tusijipige makofi sisi wenyewe.

Kinshasa, waziri wa sheria amejiuzulu mwezi huu wa 6, anashitakiwa juu ya dola karibu milioni 19 za kujenga gereza Kisangani. Yeye anakana, na tribinali itasema. Mimi nilichowaza ni kimoja: kulikuwa na milioni 19 kumbe.

Na Jumatatu yenyewe, miaka 65. Kwa wa umri wangu ni Juni 30 ya kwanza yenye tunaikumbuka Bukavu ikiwa chini ya wengine. Wazazi wetu walizipitisha kadhaa chini ya RCD, kati ya 1998 na 2003, wanajua ladha yake. Baba alikaa na redio asubuhi, akaizima kabla ya saa sita, akasema anaenda kutafuta makala. Mimi nilibaki ndani na masikio mu simu, wimbo wa Baloji ukirudi na kurudi. Kuna wenye watasema muziki wa mtu wa Ubelgiji hauwezi kutueleza sisi. Nimeshasikia hiyo, hata rafiki yangu mmoja ananiambia Baloji ni Kongo ya Wazungu, Kongo ya tamasha. Kidogo yuko na haki: mule ndani Kifaransa ni kingi, na sijawahi kusikia motari wa Nyamugo akiupiga. Lakini mimi naona kuna kitu mtu wa mbali anaonaka, juu yeye hakuwa ku sherehe. Sisi tunajua mistari ya Grand Kallé kwa moyo, na mara nyingi kujua kwa moyo kunatuzuia kusikia.

Sasa kazi. Tunaomba mambo yenye mtu anaweza kuyahesabu. Leta ya Kinshasa itangaze majina ya wenye itawatuma ku huo mpango wa uchumi, na kati yao wawepo watu wa Kivu, wenye wanaishi Kivu, siyo wenye walizaliwa hapa wakasahau njia. Maandishi yoyote juu ya madini yaende mbele ya Bunge na yatoke hadharani kabla ya kusainiwa, siyo baadaye. Kufunguliwa kwa banki na Kavumu kuwekwe mu mazungumzo ya Doha kama jambo la kwanza, juu hilo halihitaji madini ya mtu. Na wenye wanatutawala hapa, kwa kuwa wanapenda kusema walikuja kutukomboa, watuonyeshe wanachokusanya ku masoko na ku migodi, na kinaenda wapi. Hilo najua halitajibiwa. Liandikwe hata hivyo.

Siku 90 kutoka tarehe 27 mwezi wa 6 zinaangukia tarehe 25 mwezi wa 9. Wekeni ku simu zenu. Kabla ya hapo, kila mtu asome ile karatasi, siyo picha yake. Ninayo tafsiri ya Kifaransa, ni faili ndogo. Mwenye hana mega, akikutana na mmoja wetu, awashe Bluetooth. Tutampa na albamu pia, hiyo ndiyo nzito kidogo, itachukua kama dakika kumi na tano.